Kibodi Yenye Plasta

Pole ni neno la bure mjini Kitengela. Mtu akijikwaa kando ya barabara, watu watatu wasiomjua humwambia pole kabla hajauinua mguu. Vumbi likimwingia machoni, huambiwa pole. Maji yakikosekana siku nne, jirani ambaye pia hana maji humwambia pole, naye huirudisha pole hiyo, kisha wote wawili huenda kutafuta mitungi. Lakini wahenga, ambao hawakuwa wakarimu kama watu wa Kitengela, waliliwekea neno hilo mpaka. Walisema kwamba mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Maana yake ni kuwa mtu akijitafutia matata kwa mikono yake mwenyewe, asitarajie wenzake wapange foleni kumpangusa machozi. Ukweli wa maneno hayo utaonekana katika kisa cha Nashon Aketch, ambaye alijidunga kwa vidole vyote kumi, na kwa muda mrefu asijue mwiba wenyewe uko wapi.

Nashon alikuwa mpiga chapa katika duka la Madam Rahab, mtaani Noonkopir. Duka hilo lilikuwa na kompyuta tatu, mashine moja ya kutoa nakala, na kalenda ya miaka miwili iliyopita ambayo hakuna aliyethubutu kuiondoa kwa sababu ilikuwa imeziba ufa ukutani. Humo ndimo watu walimoandikiwa mambo yao mazito: mikataba ya kuuziana ploti, barua za kuomba kazi, ratiba za harusi na wasifu wa marehemu. Nashon alikuwa amechapa humo kwa miaka kumi na mmoja. Vidole vyake vilikwenda kama mvua juu ya mabati. Aliweza kuandika wasifu wa marehemu huku akimtazama mjane usoni na kumpa pole, na asikosee hata nukta.

Kazi hiyo ilikuwa na adui mmoja, naye ni kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Kwa asiyejua mambo ya kuhariri, kuna kitufe kiitwacho Kontroli kilichojificha pembeni kabisa, chini kushoto. Ukikishika pamoja na herufi, kompyuta haiandiki herufi hiyo bali hufanya kazi. Kontroli na S huhifadhi maandishi. Kontroli na X hukata aya ili uihamishe. Kontroli na Z hurudisha ulichoharibu, na kwa hiyo ndiyo inayopendwa zaidi na wanadamu. Kila mara Nashon alipotaka kuhifadhi, kukata au kutubu, kidole kile kidogo kilijinyoosha kukitafuta kitufe pembeni. Baada ya miaka kumi na mmoja kidole kikagoma. Kilivimba kikawa kama ndizi mbivu, naye akakizungushia plasta.

Ndipo siku moja akiwa anakula chapati alipotazama video ya mtu mmoja mwenye ndevu nyingi na maneno mengi zaidi. Mtu huyo alieleza kwa uchungu kwamba kitufe cha Kapsi, kile cha kuandika herufi kubwa mfululizo, kimekalia kiti bora katika kibodi nzima, ubavuni mwa herufi A, ilhali hakina kazi yoyote ya maana. Kontroli, mchapakazi, ametupwa pembeni. Dawa ilikuwa kuviambia vitufe hivyo vibadilishane kazi kwa kutumia programu ndogo isiyolipiwa. Nashon aliacha kutafuna. Alihisi kwamba maisha yake yote alikuwa ameonewa.

Jioni hiyo hiyo aliipakua programu na kuiweka katika kompyuta yake ya dukani. Kapsi akapewa kazi ya Kontroli. Wiki moja haikuisha, kidole kikapona.

Mwenye hekima angeshukuru na kuishia hapo. Nashon, kwa bahati mbaya, aliona kwamba video ile ilikuwa na sehemu ya pili.

Katika sehemu ya pili alijifunza kuwa vitufe vyote vya pembeni vimekaa kombo. Basi akavihamisha vyote. Kitufe kilichoandikwa Kontroli akakipa kazi ya Alti, yaani kufungua orodha juu ya skrini, Alti akakipa kazi ya Shifti, yaani kuandika herufi kubwa moja moja, na Shifti, kwa kuwa ni lazima kila mtu apewe kitu, akakiachia kazi ya Kapsi. Ili asijichanganye katika siku za mwanzo, alikata vipande vya ile plasta ya kidole, akavibandika juu ya vitufe na kuandika majina mapya kwa kalamu ya buluu. Kipanya akakizungushia waya wake wenyewe na kukitupa kwenye droo, akisema kipanya ni mkongojo wa wanyonge.

Lazima ukweli usemwe: alikuwa mwepesi kama swala. Mkataba uliokuwa ukimchukua saa nzima sasa ulimchukua dakika arubaini. Wateja walisimama nyuma yake kumtazama tu, kama watu wanaotazama mnada wa ng'ombe wasiokuwa na nia ya kununua. Tatizo ni kwamba katika duka la Madam Rahab hakukuwa na kompyuta ya mtu. Yeyote aliyepata kiti kitupu aliketi akachapa.

Siku moja mchana, Nashon akiwa ametoka kula, aliingia Bwana Ngugi, dalali wa mashamba, akihema. Mnunuzi wake alikuwa ndani ya gari nje, na jina lake lilikuwa limekosewa kwenye mkataba. Caren, mpiga chapa mwenzake Nashon, alikuwa na mashine iliyojaa kazi ya kutolewa, kwa hiyo akahamia kwa mashine ya Nashon.

"Ni jina moja tu," Ngugi alimwambia. "Andika Mwihaki Njeri. Halafu utoe nakala tatu niende."

Caren aliandika. Kwenye skrini pakatokea MWIHAKI njeri.

"Sasa mbona Mwihaki anapigiwa kelele na Njeri ananong'onezwa?" Ngugi aliuliza.

Caren alifuta, akaandika upya. Safari hii likatoka mWIHAKI nJERI. Alijaribu kuhifadhi, na juu ya skrini pakafunguka orodha ambayo hakuwahi kuiona tangu azaliwe. Alipojaribu kuifunga, ikajifungua nyingine. Alikitazama kitufe cha Kapsi na kukuta kipande cha plasta kilichoandikwa Kontroli. Alikitazama kitufe cha Kontroli, nacho pia kilikuwa na plasta. Akainua mikono yote miwili kutoka kwenye kibodi, polepole, kama mtu aliyegundua kuwa ameketi juu ya mzinga wa nyuki.

"Hii kitu ni mgonjwa," alisema. "Imefungwa vidonda kila mahali."

"Mimi nimeona hii maneno kwa cyber nyingine," Ngugi alisema kwa sauti ya chini. "Hiyo mashine iko na kitu ndani. Kuna pastor wangu hapo juu ya duka la hardware. Nimpigie?"

Madam Rahab, mwanamke mpole aliyevaa miwani miwili kwa zamu, alikuja akatazama kwa miwani ya kwanza, kisha ya pili. Alibonyeza kitufe kimoja kwa uangalifu mkubwa. Mkataba ukatoweka, pakabaki dirisha la kuuliza kama anataka kubadilisha lugha. Hakuna aliyejua kama anataka. Nje, honi ya mnunuzi ikalia.

Nashon alirejea akichokonoa meno. Aliwasogeza kwa mkono mmoja, akasimama bila hata kuketi, akabonyeza mara nne, mkataba ukarudi, akaliandika jina likatoka safi. Nakala tatu zikatoka. Ngugi alizichukua na kuondoka kinyumenyume, asiipe mashine mgongo.

"Hiyo mashine haina neno," Nashon alisema. "Ni vidole vyenu vya kizamani."

"Nashon, rudisha vile ilikuwa," Caren alimwambia. "Hii si simu yako. Na siku moja utakaa kwa mashine ya wenyewe, utafanya nini?"

"Nitabeba kibodi yangu."

Wote wakarudi kazini, kwa sababu jibu lilionekana kuwa na akili. Hakuna hata mmoja wao aliyelichunguza.

Miezi mitatu baadaye ofisi moja ya serikali mjini Kajiado ilitangaza nafasi ya mhariri wa kumbukumbu za mikutano. Ilikuwa kazi ya kudumu, yenye pensheni na bima ya matibabu. Mwombaji angepewa maandishi yenye makosa ayanyooshe kwa dakika arubaini, na mshindi angejulikana siku hiyo hiyo. Nashon aliposoma hayo maneno ya dakika arubaini, alicheka peke yake hadi Caren akamtazama. Aliona kazi hiyo imeshonwa kwa vipimo vyake.

Alikuwa na uhakika mkubwa mno. Alimwambia Madam Rahab kuwa mwisho wa mwezi anaondoka. Alimwambia mwenye nyumba, mzee Mureithi, kuwa anahama, naye mzee, ambaye hakupenda nyumba zilale bure, akaning'iniza kibao cha kupangisha langoni siku hiyo hiyo. Alitafuta nyumba Kajiado na kulipa malipo ya awali kwa akiba yote ya nyumbani. Mkewe, Jacinta, aliyazungusha macho chumbani akihesabu vitu vya kufungwa.

"Baba Melvin, si tungoje kwanza wakuite?" aliuliza.

"Mama Melvin, mtu akienda kuchota maji kwa mto wake mwenyewe, anaulizwa kama atapata?"

Jacinta hakuelewa mto huo uko wapi, lakini alianza kufunga masufuria.

Asubuhi ya mtihani Nashon aliichomoa kibodi yake pale dukani, akaifunga kwa taulo la mtoto, akaiweka ndani ya begi na kwenda Kajiado. Alisafiri ameipakata kama anayepeleka yai la mbuni kwenye maonyesho.

Ukumbi wa mtihani ulikuwa na watu kumi na wawili na kompyuta kumi na tatu, moja ikiwa ya akiba. Msimamizi alikuwa Bwana Simel, mtu mrefu, mtaratibu, mwenye sauti ya kulaza watoto.

"Sopa," aliwasalimu kwa Kimaasai.

"Epa," waliitikia wote, hata wale waliokuwa wametoka Kimuka alfajiri na usingizi wao.

Nashon aliinua mkono. Alisimama, akafungua taulo, akaomba ruhusa atumie kibodi yake kwa sababu za kiafya, akionyesha kidole. Bwana Simel aliitazama ile plasta kwenye vitufe, kisha akakitazama kidole ambacho hakikuwa na plasta yoyote. Alionekana kutatizika kuhusu nani mgonjwa kati ya hao wawili. Hata hivyo alikuwa mwungwana.

"Pole sana," alisema. "Chomeka tu."

Nashon alichomeka. Upande wake wa kulia aliketi mama mmoja kutoka Namanga, aliyezoea kujaza fomu za malori mpakani. Mama huyo alichapa kwa vidole viwili, kimoja cha kila mkono, na kabla ya kila herufi aliitafuta kwanza kwa macho kama anayetafuta sindano kwenye zulia. Nashon alimhurumia kwa dhati.

"Mnaweza kuanza," Bwana Simel alisema.

Maandishi yalikuwa kumbukumbu za mkutano kuhusu mabirika ya kunyweshea mifugo, kurasa nane zilizojaa makosa kama mbwa mwenye kupe. Aya ya tatu ilitakiwa kwenda mahali pa sita. Nashon aliikamata aya nzima kwa kubonyeza F8, njia ya wasiotumia kipanya, kidole chake kikaruka hadi kwenye kitufe chenye plasta ya Kontroli, akabonyeza pamoja na X ili aikate.

Aya ikatoweka. Mahali pake pakabaki herufi moja: X.

Nashon alipepesa macho. Akabonyeza kitufe kile kile pamoja na Z, ile ya kutubu. Ikaandikwa z. Sasa mchango wote wa mheshimiwa mmoja kuhusu mabirika ulikuwa umebaki Xz.

"Labda haijashika," alijisemea. Alichomoa kibodi, akaifuta kwenye suruali, akaichomeka tena kwa nguvu. Aliamua kwanza aandike jina la mwenyekiti, Nelson, apate kutulia. Ili kupata N kubwa alishika kitufe chenye plasta ya Shifti pamoja na N. Hakuna jina lililotokea. Badala yake orodha ya kuingiza picha, majedwali na maumbo ikajitandaza juu ya skrini. Alipoendelea na jina, pakatokea jedwali katikati ya ukurasa, tupu, likisubiri alijaze.

Nashon alitazama vitufe. Plasta zilikuwa mahali pake na maandishi yake ya buluu yalisomeka vizuri. Hapa Kontroli, hapa Alti, hapa Shifti. Alikuwa ameziandika mwenyewe, kwa mwandiko wake mwenyewe, naye hakuwa mtu wa kujidanganya. Basi kama plasta zilisema kweli, kompyuta ndiyo iliyokuwa ikidanganya. Akainua mkono.

"Mashine hii ni mbovu," alisema.

"Pole sana," alisema Bwana Simel, akamhamisha pamoja na kibodi yake hadi kwenye mashine ya akiba, upande wa pili wa mama wa Namanga, na kumpa maandishi yale yale upya. Dakika kumi na moja zilikuwa zimekwenda.

Mashine ya akiba nayo ikamfanyia vile vile, X na jedwali na yote, kwa bidii zaidi. Alipohifadhi, iliandika S. Alipoandika S, ilikaa kimya kwa sababu orodha fulani ilikuwa bado imefunguka. Herufi kubwa zilizuka pasipohitajika na ndogo zikajificha penye majina ya watu. Jasho lilimtoka hata kwenye viganja. Mwanzoni alishuku umeme wa Kajiado. Kisha alishuku taulo la mtoto, labda lilikuwa na unyevu. Kisha kwa sekunde chache za kuogofya, alimkumbuka pastor wa Bwana Ngugi na kujiuliza kama ana namba yake.

Aliamua kupuuza plasta na kufanya kinyume. Lakini vidole vyake vilikuwa vimeishi miezi mitatu katika nchi nyingine na vilikuwa vimeisahau lugha ya nyumbani. Akiviambia viende kulia vilikwenda kushoto, na akivikemea vilisimama hewani. Katika kuhangaika huko kidole kimoja kikaangukia Kontroli ya kweli na kingine kikaangukia A. Kurasa zote nane zikafunikwa rangi ya kijivu. Kidole gumba, kwa kutotaka kuachwa nyuma, kikagusa kitufe cha nafasi.

Skrini ikawa nyeupe kama sahani ya mgeni.

Ubavuni mwake vidole viwili vya mama wa Namanga viliendelea: ta, ta. Kimya. Ta.

Zilibaki dakika tisa. Bwana Simel alikuja akasimama nyuma ya Nashon, akainama.

"Bonyeza Kontroli na Z," alimshauri kwa huruma.

"Nimebonyeza."

"Si hiyo. Hiyo ni Kapsi."

"Imeandikwa Kontroli."

Bwana Simel alisogeza uso karibu na kibodi. Alisoma plasta moja baada ya nyingine, midomo ikicheza. Alitazama kibodi ya mashine ya jirani, akarudi kwa ya Nashon. Uso wake ukawa kama wa ng'ombe aliyekuta lango limehamishwa.

"Nani alibandika hizi?" aliuliza.

"Ni mimi."

"Ulibandikia nini?"

"Ili niende haraka."

Bwana Simel alinyooka. Alikuwa tayari amefungua mdomo kwa ajili ya neno la tatu la huruma, lakini akaufunga tena. Alionyesha tu kwa kidole kile kipanya kilichokuwa kando ya skrini, akaondoka zake.

Nashon alikishika kipanya. Miezi mitatu hakuwa amekigusa, nacho kilimteleza kama samaki. Alikitafuta kile kishale kidogo cha kurudisha juu ya skrini, akakibonyeza. Kurasa nane zikarejea. Akabonyeza tena, jedwali likaondoka. Tena, aya ya tatu ikafufuka. Alibonyeza, akabonyeza, kila kosa alilolifanya likifutika kwa zamu yake, hadi kishale kikafifia kuashiria kuwa hakuna tena cha kurudisha. Alishusha pumzi. Kazi yote ilikuwa salama.

"Muda umekwisha," Bwana Simel alitangaza.

Kazi yote ilikuwa salama kabisa. Ilikuwa kama alivyopewa, makosa yake yote yakiwemo, bila hata koma moja kuguswa.

Waliambiwa wasubiri matokeo barazani, na hapo ndipo simu ilipolia. Alikuwa Caren.

"Nashon, tuko na shida," alisema. "Si ulienda na ile kibodi yako?"

"Ninayo hapa."

"Madam alinunua ingine mpya. Iko kwa karatasi yake bado. Tumechomeka kwa hiyo mashine yako, na bado Mwihaki anapigiwa kelele. Sasa tumeshindwa kuelewa. Ulibeba kibodi lakini wazimu umebaki huku?"

Nashon alisimama na simu sikioni, begi mkononi, na polepole, kama maji yanayopanda mguuni, jambo likamwingia. Programu ile aliiweka ndani ya kompyuta. Mabadiliko yote yalikuwa yamelala ndani ya kompyuta ya Noonkopir siku zote. Alichokibeba hadi Kajiado kwa taulo, kwa heshima zote, kilikuwa kibodi ya kawaida yenye plasta za uongo, uongo ambao aliuandika mwenyewe kwa kalamu ya buluu.

"Nashon? Uko?"

"Niko."

"Interview imeenda aje?"

"Caren, ile programu. Ilikuwa ndani ya mashine."

Upande wa pili Caren aliacha kuchapa.

"Na wewe ulibeba kibodi," Caren alisema.

"Nilibeba kibodi."

Alisikia Caren akigeuka kumweleza Madam Rahab, na Madam Rahab akiuliza, na Caren akieleza tena kutoka mwanzo. Kisha Caren akarudi. "Madam anasema kesho uje asubuhi urudishe mashine vile ilikuwa. Ya kiti chako mtaongea ukimaliza."

Saa tisa jina likabandikwa mlangoni. Alikuwa mama wa Namanga. Alikuwa amehariri kurasa tano tu kati ya nane, lakini katika hizo tano hakuacha kosa. Aliposoma jina lake, aliwashika mikono wenzake wote, mmoja mmoja. Alipomfikia Nashon alimwuliza kwa upole, "Na wewe, ni nini kilikuharibikia?"

Nashon alimweleza kwa kirefu. Mama huyo alisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa, akafikiri, na alichokipata cha kusema kilikuwa, "Haya."

Jua lilikuwa bado halijatua alipofika nyumbani. Kibao cha kupangisha kilikuwa langoni. Ndani, mapazia yalikuwa yameshatolewa, na Melvin, mwanawe wa miaka sita, alikuwa ameketi juu ya katoni akila ndizi kwa kuwa vyombo vyote vilikuwa vimefungwa. Jacinta alisimama katikati ya chumba na kamba mkononi. Jacinta huyu alikuwa mwanamke aliyeweza kumwambia pole hata kuku anayekimbizwa na mtoto.

"Hujaipata," alisema, kwa maana sura ya mumewe ilikuwa imeandikwa kwa herufi kubwa.

"Sijaipata."

"Mashine zao zilikuwa mbaya?"

"Hapana. Zilikuwa nzuri."

"Mtihani ulikuwa mgumu?"

"Ulikuwa rahisi." Aliketi juu ya katoni nyingine. "Mama Melvin, ni hivi. Kapsi nilikuwa nimekifanya Kontroli, na Kontroli nikakifanya Alti. Alti nayo nikaifanya Shifti. Sasa nikadhani nimebeba, kumbe sikubeba. Plasta zikawa zinasema mambo yao, na kompyuta yake, na vidole navyo vikawa na yao."

Jacinta alijitahidi kufuata, ilionekana wazi anajitahidi, lakini alipotea mahali fulani kati ya Alti na Shifti.

"Ngoja nielewe kitu kimoja tu," alisema. "Hivyo vitufe, vilikuwa vimekaa vizuri mwanzoni?"

"Vilikuwa vizuri."

"Nani alivibadilisha?"

"Ni mimi."

"Na nyumba hii, nani alisema tunahama?"

Nashon alikuna goti. "Ni mimi."

Jacinta aliiweka kamba chini. Alivuta katoni ya masufuria, akaisukuma kwa mguu hadi miguuni pa mumewe.

"Fungua hii kwanza, mtoto ale chakula," alisema. "Halafu uende kwa mzee Mureithi ukamwombe atoe kile kibao. Uende wewe mwenyewe, na umweleze vile umenieleza, hiyo ya Kapsi na Alti, tuone kama yeye ataelewa."

Nashon alianza kufungua fundo. Kidole chake cha mwisho kilimuuma, naye akakipuliza kwa sauti, akainua macho kidogo na kungoja. Mkewe alikuwa akiwasha jiko. Melvin alimaliza ndizi yake. Nyumba nzima haikuwa na mtu aliyekuwa na neno la kumpa, kwa kuwa mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.